Sura ya 6: Breki Inayokataa Kuachia

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi. Mmoja atasema, "Nikiendesha nusu saa tu, tairi la mbele kushoto linanuka kama shati lililosahauliwa chini ya pasi." Mwingine: "Mwaka huu nimebadilisha pedi mara mbili, na kila mara ni za upande uleule. Nauziwa feki?" Wa tatu hana harufu wala moshi. Analalamika kwamba gari limekuwa zito, linakunywa mafuta, na akiondoa mguu kwenye mafuta barabara ikiwa tambarare, gari halitiririki. Linasita kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma.

Wote watatu wanaulizia kitu kimoja. Breki ilikamata, ikasahau kuachia. Gereji watakwambia "kalipa imejamu", na sentensi inayofuata mara nyingi ni "inabidi nyingine, bosi". Sura hii inahusu kilichopo katikati ya sentensi hizo mbili, maana humo ndimo pesa za wenye magari zinamopotelea.

Mimi nilijifunza haya njiani. Nilikuwa natoka Tanga kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Msata na Bagamoyo, nikasimama Kiwangwa kununua mananasi. Kijana aliyekuwa akinihudumia aliacha kuhesabu chenji, akainama. "Mzee, tairi lako hili linafuka." Ile harufu nilikuwa nimeisikia tangu Msata, ila nilimsingizia mwenye lori la mbele yangu. Nikachukua maji ya kunywa, nikanyunyizia matone kwenye rimu ya kulia. Yakateremka. Nikanyunyizia ya kushoto. Yakalia chwaa kama kwenye kikaango, yakapotea kabla hayajafika chini.

Koleo lenye pistoni

Chungulia katikati ya matundu ya rimu ya mbele. Utaona sahani ya chuma inayong'aa, ambayo huzunguka pamoja na tairi. Hiyo ni diski. Imepandwa na kipande cha chuma kizito kama ngumi mbili, kisichozunguka. Hicho ndicho kalipa. Ndani yake, kila upande wa diski, kuna pedi: kibao cha chuma kilichogandishwa nyama ngumu ya kusugua. Ukikanyaga breki, kalipa huzibana pedi kwenye diski. Umewahi kupindua baiskeli na kusimamisha gurudumu linalozunguka kwa kulibana kati ya gumba na vidole? Umekuwa kalipa.

Nguvu ya kubana haiendi kwa waya, inaenda kwa kimiminika. Chukua bomba mbili za sindano, nyembamba na nene, zijaze maji, ziunganishe kwa mpira mwembamba. Ukisukuma ile nyembamba, ile nene itatoka kwa nguvu kubwa zaidi, lakini kwa mwendo mfupi zaidi. Kwenye gari, bomba nyembamba ni masta silinda, iliyo mbele ya miguu ya dereva, na nene ni kalipa. Ndani ya kalipa kuna pistoni, kikombe cha chuma kilichofunikwa kifudifudi. Masta ikiwa na kipenyo cha sentimita 2 na pistoni sentimita 5, nguvu huongezeka zaidi ya mara 6, na mwendo hupungua kwa kiasi hichohicho. Liweke akilini hilo la mwendo. Pistoni ya breki haitembei. Inasogea kidogo sana, chini ya milimita moja, na kila kinachoizuia, hata kutu nyembamba kama ganda la kitunguu, kinatosha kuharibu hesabu nzima.

Sasa tazama ajabu moja. Kwenye magari madogo mengi, zile Vitz, IST na Corolla zilizojaa mjini, kalipa ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Pedi ya nje inabanwa na nani?

Fikiria mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi kando ya gati. Akilisukuma gati kwa kasia, gati halitikisiki. Mtumbwi ndio unarudi nyuma. Pistoni inasukuma pedi ya ndani hadi inagusa diski. Diski haiendi popote, kwa hiyo kalipa nzima inarudi nyuma, na katika kurudi inaivuta pedi ya nje ije kubana kutoka upande wa pili. Ili iweze kurudi hivyo, imepanda juu ya pini mbili laini, ndefu na nene kama kidole cha mkono, zinazoteleza ndani ya matundu yenye grisi. Kila pini imevalishwa mpira wa vumbi, kijisoksi chenye mikunjo kinachozuia maji na mchanga. Matundu hayo yako kwenye braketi, fremu ya chuma iliyofungwa kwenye gari na ambayo ndiyo inayobeba pedi.

Nani anairudisha nyuma?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Hakuna springi inayoivuta pistoni irudi. Breki za drami zina springi, hizi hazina. Anayerudisha ni sili, pete ya mpira iliyoizunguka pistoni, ambayo kazi yake inayojulikana ni kuzuia oili isivuje.

Jaribu sasa hivi. Weka gumba la mkono mmoja juu ya ngozi ya mkono wa pili, kandamiza, kisha sukuma kidogo bila kuteleza. Ngozi inavutika. Acha kusukuma. Ngozi inarudi mahali pake na kulirudisha gumba. Sili hufanya vivyo hivyo: pistoni ikitoka, mpira unavutika nayo, ukiachia pedeli, mpira unajirudi na kuivuta pistoni nyuma, umbali wa unene wa karatasi moja au mbili. Pedi zikiisha kidogo, pistoni inateleza mbele ndani ya sili na kupata kikao kipya, na ndiyo maana breki za diski hazihitaji kukazwa kila mara.

Kwa hiyo upande wa kukamata una nguvu za mguu wako zilizozidishwa mara nyingi. Upande wa kuachia una uvivu wa pete moja ya mpira. Kutu na uchafu vikiingia, breki itaendelea kukamata bila shida, kwa sababu nguvu zipo. Itakayoshindwa kwanza ni kuachia. Dereva akikanyaga anaona gari linasimama vizuri, basi anaamini breki ni nzima.

Kwa ufupi: pistoni inasukuma, kalipa inateleza juu ya pini, sili inarudisha. Breki inayong'ang'ania ina kasoro katika kuteleza au katika kurudi.

Maji, chumvi na gari lililolala

Ukikaa pwani, adui wako unamjua. Mabati yanaliwa, madirisha ya chuma yanaliwa, na pini za breki pia. Gari linalolala Kigamboni au Bagamoyo linapumua chumvi usiku kucha. Mwenzake wa Jangwani anayelazimisha kupita kwenye maji ya mafuriko anaingiza tope kwenye kila mpira wa vumbi wenye mpasuko. Tena magari yetu mengi yalikuwa na maisha mengine kabla ya kuja huku. Katika mikoa ya Japani yenye theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na gari lililotoka huko linaweza kuwa na mwili unaong'aa juu na kutu iliyokomaa chini. Mnunuzi huangalia redio na viti. Ni wachache wanaochuchumaa.

Halafu kuna gari lililolala. Mwenyewe yuko safarini, gari liko chini ya turubai tangu masika. Siku ya kuliwasha linagoma kusogea, au linasogea kwa mlio wa kukwanyuka. Chuma kisichotembea hukutana na kutu kwa raha zake. Hata magari ya hybrid kama Prius na Aqua yana shida ya jamii hii, kwa sababu mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi na pedi zinabaki hazina kazi. Hapohapo nitoe onyo: baadhi ya magari hayo yana breki zinazojijazia nguvu zenyewe, hata kwa kufungua mlango tu. Usitie mkono kwenye kalipa zake bila fundi anayejua kuuzima mfumo huo.

Adui wa tatu yuko ndani. Oili ya breki, licha ya jina tulilolizoea, si oili. Ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, na kinapenda maji. Kinayanywa kutoka hewani, kidogokidogo, kupitia mipira na mfuniko wa kopo lililo juu ya masta silinda. Oili yenye alama DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia 3 na nukta 7, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 140. DOT 4 ni 230, na ikishakunywa maji ni 155. Maji hayo hukaa ndani ya kalipa na kuikwangua pistoni kwa kutu. Na siku breki ikikamata ukiwa unashuka mlima, joto huchemsha oili, mapovu ya mvuke yanatokea, na mvuke, tofauti na kimiminika, unabonyea. Pedeli inazama hadi sakafuni. Anayeshuka Kitonga akiwa na kalipa inayong'ang'ania amebeba mambo mawili yanayopingana: breki isiyoachia, ambayo dakika chache mbele inaweza kuwa breki isiyokamata.

Vumbi nalo ni adui, tena wa tangu mwanzo. Mwingereza Frederick Lanchester aliposajili ubunifu wake wa breki za diski mwaka 1902, vibanio vyake vilikuwa vya shaba, na barabara za vumbi za wakati ule zilivila upesi. Wazo lilikaa kando miongo mingi, hadi Jaguar iliposhinda mbio za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski.

Kupima kabla ya kufungua

Fundi anayeanza kwa kufungua anakisia. Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Endesha kilomita kumi hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, nyunyizia matone rimu zote, linganisha kushoto na kulia. Matone tu. Usimwagie ndoo ya maji diski iliyoiva. Inaweza kupinda au kupasuka. Wala usiiguse kwa kidole ili uhakikishe.

Sikiliza pia usukani. Gari likivuta kushoto hata bila kukanyaga, tairi la kushoto linaburutwa. Likivuta kushoto pale tu unapokanyaga, angalia kulia: huenda kalipa ya kulia imeganda kiasi kwamba haibani, na ya kushoto inafanya kazi ya mbili.

Kipimo cha pili ndicho ninachokipenda, kwa sababu kinatenganisha magonjwa kwa robo mzunguko wa spana. Nyanyua gari, likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Weka kabari matairi ya nyuma. Mtu akanyage breki mara tatu nne, kisha aachie. Zungusha tairi kwa mkono. Kama ni zito, tafuta skrubu ndogo juu ya kalipa, ile ya kutolea hewa, na uilegeze kidogo.

- Oili ikiruka na tairi likawa jepesi papo hapo, kalipa haina kosa. Shinikizo lilinaswa. Kama ni tairi moja tu, shuku bomba la mpira linaloleta oili: likizeeka huvimba kwa ndani na kuwa mlango wa kuingilia usio na pa kutokea. Kama ni matairi mawili au yote, panda juu ukaangalie masta silinda na pedeli.
- Tairi likibaki zito vilevile, ugonjwa ni wa chuma: pini, pedi zilizokwama kwenye braketi, au pistoni.

Nimeona kalipa mbili zikinunuliwa, moja baada ya nyingine, kwa gari ambalo shida yake ilikuwa bomba la mpira lenye urefu wa mkono.

Pini ya chini

Siku ya pili baada ya Kiwangwa nilikuwa kwa fundi wangu, gereji ya chini ya mwarobaini yenye kreti za soda kwa viti. Aliponiona ninaanza kueleza, alinyoosha mkono. "Usiniambie, mzee. Acha gari liseme lenyewe." Kipimo cha skrubu tulikifanya, tairi likabaki zito. Ni chuma.

Alifungua tairi, akamwagia maji yenye sabuni vumbi lote jeusi kabla ya kugusa chochote. Vumbi la pedi halipulizwi, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo, mapafu hayajaumbwa kwa ajili hiyo. Kisha spana namba 14, bolti ya chini, bolti ya juu. Kalipa ikang'oka kwa kubembelezwa. Hakuiacha ining'inie kwa bomba lake la oili. Aliifunga kwa waya kwenye springi ya shokapu, kama mtu anayemfunga mtoto mgongoni kabla ya kuinama.

Pedi zilitoa ushahidi wa kwanza. Ya ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama biskuti iliyolowekwa chai, ya nje nzima. Na ile ya ndani ilikuwa imeliwa mshazari, chini zaidi ya juu. Pedi iliyoliwa kama kabari maana yake kalipa inakaa upande. Pini moja inateleza, mwenzake amegoma.

Pini ya juu ilichomoka kwa kidole, ikatoa mlio mdogo wa kifuniko cha chupa. Grisi yake bado laini. Ya chini haikusogea. Fundi akaikamata kwa plaizi, akaizungusha kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuivuta. "Ukivuta unakata mpira. Izungushe mpaka ikuamini." Baada ya dakika tano hivi ilitoka, na kilichotoka nayo hakikuwa kutu, bali grisi nyekundu iliyokauka kama ukoko. Mwishoni mwa pini kulikuwa na kijipete cha mpira, kimevimba kama maharage yaliyolala majini.

Aliinusa ile grisi, akacheka. "Nani alikubadilishia pedi mara ya mwisho?"

Nilikumbuka. Miezi kadhaa nyuma, mahali pengine, kijana mmoja mchangamfu alinionyesha kwa fahari jinsi anavyozipaka pini grisi ya kutosha, "wengine hawapaki kabisa". Kweli alipaka. Alipaka grisi ya beringi. Mipira ya breki imetengenezwa kuvumilia glaikoli, lakini mafuta ya asili ya petroli huivimbisha na kuilainisha. Kijipete kile kilijaa ndani ya tundu hadi kikaligeuza kuwa jela. Kwa hiyo pini za kalipa hupakwa grisi ya silikoni au grisi maalumu ya breki, kidogo tu, kwa sababu ikijazwa tundu zima hewa inakosa pa kwenda na pini inasukumwa nje. Kwa kuhofia uvimbe huohuo, mipira hii haioshwi kwa petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Spiriti au dawa ya kusafishia breki inatosha. Na asikudanganye mtu kwamba kijiko cha oili ya injini kwenye kopo la breki hakina neno: kitaivimbisha mipira ya mfumo wote, kuanzia masta hadi nyuma.

Kusafisha kulichukua muda mrefu kuliko kufungua. Tundu lilisuguliwa kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye waya, likasafishwa kwa spiriti, likakauka. Pini ilipitishwa msasa laini wa maji, na hapo fundi aliniita nipitishe ukucha: ukucha ukikwama kwenye shimo la kutu, pini hiyo inatupwa. Ya kwangu ilipona. Kijipete na mipira ya vumbi vilinunuliwa vipya. Kila pini ikarudi kwenye tundu lake, kwa sababu kwenye magari mengi ya juu na ya chini hazifanani, hata kama kwa macho ni mapacha.

Masikio

Kuna kazi ndogo hapa ambayo watu huiruka. Kila pedi ina masikio mawili, ncha zinazokaa kwenye vijia vya braketi, na pedi hutembea kwa masikio hayo. Kutu ikiota chini ya vibati vya vijia, njia inakuwa nyembamba, na pedi inayopigiliwa kwa nyundo ili iingie haitatoka yenyewe. Toa vibati, sugua chini yake kwa brashi ya waya au tupa, virudishe. Pedi inatakiwa iingie kwa kusukumwa na vidole.

Pistoni, na swali la kununua

Pini zikiwa nzima, kesi inahamia kwa pistoni. Punguza kwanza oili kwenye kopo la juu ili isifurike, maana ikimwagikia rangi ya gari inaibabua. Weka pedi kuukuu mbele ya pistoni, isukume irudi kwa klampu, polepole na kwa unyoofu. Pistoni nzima inarudi kwa ukaidi wa wastani, ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Inayokwama katikati, au inayotaka mtu mzima aning'inie kwenye klampu, inaumwa. Baadhi ya magari yenye diski nyuma huwa na handbreki ndani ya kalipa, na pistoni zake hurudi kwa kuzungushwa kama skrubu. Ukizisukuma tu utavunja kitu.

Pistoni mgonjwa hutolewa kwa kukanyaga pedeli polepole, kibao kikiwa mbele yake ili isidondoke, na beseni chini. Kompresa nayo huitoa, ila huitoa kama risasi, na nimeona kidole kilichobaki kati ya pistoni na kalipa. Ikishatoka, itazame kwenye mwanga. Madoa yanayofutika kwa msasa laini wenye maji si kitu. Vishimo vinavyokamata ukucha ni hukumu. Kama pistoni na ukuta wa kalipa ni safi, ripea kiti, yaani pakiti ya sili mpya na mpira wa vumbi, inamaliza kazi kwa sehemu ndogo ya bei ya kalipa. Sili mpya hulowanishwa kwa oili safi ya breki, ikaingizwa kwa vidole, kamwe si kwa bisibisi.

Nunua kalipa pale ukuta wake umeliwa, skrubu ya hewa imekatikia ndani, au pistoni yake haipatikani. Ukienda kutafuta iliyotumika, Kariakoo au Grogan ya Nairobi, kumbuka mambo mawili. Iliyotumika ina umri wake. Itie sili mpya kabla ya kuifunga, si baada ya kujuta. Na hakikisha ya kushoto ni ya kushoto. Ukifunga ya upande mwingine inaweza kukubali vizuri tu, bolti zote zikaingia, lakini skrubu ya hewa itakuwa chini. Hewa hupanda juu. Utakanyaga na kutoa, utakanyaga na kutoa, hadi magharibi, na pedeli itabaki laini kama andazi.

Kanyaga, shikilia, achia

Bomba la oili likishafunguliwa, hewa imeingia, na lazima itolewe. Kazi ni ya watu wawili wanaosikilizana. Mpira mwembamba unaoonyesha unachomekwa kwenye skrubu, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye oili kidogo. Wa ndani anakanyaga polepole na kushikilia. Wa nje anafungua skrubu, mapovu yanatoka, anafunga. Ndipo tu wa ndani anaachia. Akiachia kabla, hewa inanyonywa upya na mmerudi mwanzo. Kopo la juu lisiachwe likauke. Oili iwe ya chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Ile ya chupa iliyokaa dirishani bila kifuniko imeshakunywa maji yake. Fuata alama iliyo kwenye mfuniko wa kopo: DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa aibu. Pistoni ikirudishwa ndani, inabaki mbali na pedi. Kanyago la kwanza linazama hadi chini bila kubana chochote. Mwaka mmoja baada ya Kiwangwa, nikijiona nimekuwa fundi, nilibadilisha pedi mwenyewe uani, nikawasha gari, nikatia rivasi. Geti la jirani lilikuwa jipya, limepakwa rangi wiki ileile. Kanyaga pedeli mara tano, sita, hadi ipande na kukaza, ndipo uwashe.

Siku ile ya mwarobaini, nati za tairi zilikazwa kwa spana yenye kipimo, Nm 103 kama Toyota wanavyotaka kwa gari lile, na tukaenda kulijaribu. Barabara ikiwa tambarare fundi aliniambia niondoe mguu kwenye mafuta. Gari likatiririka. Tulipita duka la pili, la tatu, msikiti, bado linakwenda. Tulirudi gereji, nikatoa ile chupa ya maji. Matone ya kulia yakateremka. Ya kushoto nayo yakateremka, taratibu, yakadondoka mchangani bila sauti. Fundi akainyoosha mikono yake myeusi kuelekea chupa. "Yaliyobaki nimiminie ninawe, mzee."